Chuma Kisiguse Hapa

Mokami alikuwa na mkono wa maua, na Kewanja nzima ilijua, ingawa wengi hawakuona kama hilo ni jambo la kujivunia. Kijiji kilikuwa kimeingiwa na wazimu wa dhahabu. Mwenye nguvu ya kuinua sururu alikuwa shimoni, asiye na nguvu alikuwa anawapikia waliomo shimoni, na katikati yao yupo bibi wa miaka sabini anayemwagilia maua. Watu walimcheka. Mokami naye hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza.

"Wewe Waitara unachimba mwaka wa sita huu, hujapata hata ya kuziba jino," alimwambia jirani yake siku moja mbele za watu. "Mimi nikichomeka kijiti leo, wiki mbili kimeshika. Sasa kati yetu nani anapoteza muda?"

Waitara alicheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa mtu mwema, mwenye watoto tisa na shimo lisilotoa kitu, na alimpenda yule bibi kwa sababu ya ulimi wake huo huo.

Nyumbani kwa Mokami waliishi watatu: yeye, Tabitha mke wake, na Ryoba mtoto wa Tabitha. Ndiyo, mke wake. Mgeni akishangaa, Wakurya humweleza. Mumewe Mokami, marehemu Nyangwine, alifariki wakiwa bado wanaishi upande wa Serengeti, karibu na Mugumu, akamwachia mabinti watatu bila wa kiume. Nyumba ya namna hiyo hufunga mlango, na jina la mwenyewe likapotea. Basi mabinti walipoolewa, Mokami alichukua ng'ombe wa mahari zao akaenda kuoa msichana, kama desturi inavyomruhusu mwanamke, ili nyumba ipate mtoto. Wenyewe huiita nyumba ntobhu. Nani alimpa Tabitha mimba hakuna aliyeuliza, na wa kwanza kutouliza alikuwa Mokami. Mtoto alizaliwa wa kiume, akaandikwa Ryoba Nyangwine, na siku hiyo Mokami alilia kwa furaha hadi majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Baada ya Ryoba, Tabitha aliharibu mimba mbili, kisha tumbo likakataa kabisa. Kwa hiyo jina, nyumba, na yule mzee aliyelala kule Serengeti, vyote vilimwelemea kijana mmoja. Mokami alilijua hilo kila alipoamka na kila alipolala.

Walihamia Kewanja baada ya wezi kuwamalizia zizi. Mokami aliuza ng'ombe watatu waliobaki akanunua kiwanja chenye nyumba ya vyumba viwili. Ryoba akakua akitazama lile lima la vifusi vya mgodi mkubwa wa jirani, na alipofika miaka ishirini akaanza kwenda na wenzake kuokota mawe huko yasikoruhusiwa kuokotwa. Wengine walirudi wamevunjika miguu. Wengine walirudishwa wamefunikwa shuka. Mokami alimsihi, alimtukana, akamnyima chakula, akamrudishia chakula, na kijana akazidi kwenda.

Kisha ikatokea siku ya choo. Choo cha zamani kilikuwa kimejaa, Ryoba akaanza kuchimba kingine nyuma ya jiko, na alipofika kina cha mtu alikuta mkanda wa jiwe jeupe lenye kutu. Alilivunja kipande, akakisaga, akakiosha kwenye karai huku mlango wa jiko umefungwa. Chini ya karai zikabaki punje za manjano ambazo unaweza kuzihesabu.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "tunalala juu yake."

Mokami alizitazama zile punje. Dhahabu yenyewe haikumgusa sana. Alichokiona pale ni kijana wake akichimba hatua kumi kutoka jikoni, mahali anapoweza kumsikia akikohoa, badala ya kuruka kuta za watu.

"Hutakwenda tena kwenye vifusi?" aliuliza.

"Niende kufanya nini, Bibi, na mali iko hapa?"

"Apa."

Ryoba akaapa. Ndivyo duara la nyumbani, yaani shimo la dhahabu, lilivyoanza, na aliyeliruhusu ni Mokami mwenyewe, kwa mdomo wake, akiamini kwamba amemwokoa.

Shida ilikuwa kulificha. Serikali ya kijiji ilikuwa imekataza kuchimba kwenye makazi, lakini hilo halikumtisha Mokami kama majirani. Mwaka uliopita, mtaa wa chini, mtoto wa mama mmoja alitamka tu shuleni kwamba kwao wameona jiwe. Kufikia saa kumi watu mia mbili walikuwa uani, wakalichimba jiko la yule mama moto ukiwa bado unawaka chini ya sufuria. Leo pale hapana hata mahali pa kuanika nguo. Mokami aliapa kwamba kwake halitatokea.

Akakumbuka maua ya Isebania. Binti yake wa mwisho, Agustina, ameolewa huko ng'ambo ya mpaka, na uani kwake kulikuwa na mmea unaotambaa ambao jina lake hakuna aliyelijua. Ulikuwa na maua ya zambarau iliyokolea, mapana kama mdomo wa kikombe, yenye koo la njano, na ulikuwa umepanda ukuta, ukapanda paa, ukavuka kwa jirani. Agustina alikuwa anaukata kila mwezi huku akiulaani. Mokami alipanda basi hadi Sirari, akavuka, akarudi na vijiti ishirini vimefungwa kwenye kanga mbichi.

"Mama, huo ukishika hutauweza," Agustina alimwonya.

"Nataka usiowezekana," Mokami alijibu.

Ryoba akasimamisha nguzo sita kuzunguka mdomo wa duara na kujenga kichanja juu yake. Mokami akachimba mashimo miguuni mwa kila nguzo, akatia samadi, akachomeka vijiti viwili viwili, akavuta kamba za katani toka chini hadi juu ili mmea upate pa kushika. Kila asubuhi Ryoba alipokuwa akitoa maji shimoni, Mokami aliyamwaga pale pale kwenye mashina, maana kuyapitisha barabarani kungemuumbua. Mmea uliyanywa. Wiki ya tatu ulikuwa umefika kifuani. Mwezi wa pili ulikuwa umefunika kichanja chote na kushuka pande zote hadi chini kama pazia, na ukipita hatua mbili usingejua kuna mtu anavuta ndoo humo ndani. Udongo uliotolewa ukawa matuta ya maboga. Bustani ya Mokami ilizidi kuinuka, na watu wakasifu.

Tatizo la kitu kizuri ni kwamba watu hukitaka. Wanawake wakaja kuomba vijiti. Watoto wakaja kuchuma maua. Asubuhi moja Waisiko, mke wa Waitara, alikuja bila kupiga hodi, akainama, akapenyeza mkono na mguu mmoja ndani ya pazia ili apate shina nene. Ryoba alikuwa chini, mita kumi na mbili. Mguu wa Waisiko ulikuwa shibiri moja kutoka mdomoni mwa duara. Mokami, aliyekuwa anachambua mtama kibarazani, aliruka na ungo ukamwagika.

"Waisiko! Toa mguu! Unamkanyaga mzee!"

"Mzee gani, mama?"

Hapo Mokami hakuwa na muda wa kufikiri. Uongo ulimtoka wenyewe.

"Mume wangu. Mifupa yake niliileta kutoka Serengeti. Amelala hapo."

Waisiko aliurudisha mguu, akaomba msamaha, akaondoka bila kijiti. Mokami aliketi chini akacheka peke yake. Aliona amepata ukuta ambao hakuna fundi angeweza kuujenga.

Jioni Waitara alikuja akiwa amevaa koti. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Mama, unamlaza mzee hapa kama mzigo, bila hata kutuambia? Sisi ni majirani gani?"

"Ndugu zake walishafanya yote huko."

"Huko ni huko. Hapa ni ardhi nyingine. Lazima tumwite Mzee Kisiri."

Mzee Kisiri alikuwa mkazi wa Matongo, na katika mambo ya makaburi na viapo neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Mokami angeweza kukataa. Lakini kukataa kungeleta maswali, na yeye maswali hakuyataka. Akatoa kondoo.

Wakaja wazee watano. Ryoba siku hiyo alitoka shimoni, akaoga, akasimama kwa adabu kama mjukuu wa marehemu. Kondoo akachinjwa, na yaliyomo tumboni mwake yakapakwa kwenye zile nguzo sita, juu ya kamba za katani. Mzee Kisiri hakuingia ndani ya pazia, kwa heshima. Aliinua fimbo akasema kwa Kikurya, kila mtu akasikia: aliyelala hapa asisumbuliwe, chuma kisiguse hapa, atakayegusa kwa chuma, balaa lake lisianze na yeye, lianze na mtoto wake. Mpaka yeye Kisiri aseme vingine kwa kinywa chake.

Mokami alimtazama Ryoba, na Ryoba alikuwa anabana kicheko.

"Bibi, laana ya kaburi lisilokuwepo itamkamata nani?" alimwambia wazee walipoondoka. "Itatafuta, itachoka, itaenda zake."

"Nyamaza, mura, kijana wewe," Mokami alisema, lakini na yeye akacheka. Tabitha hakucheka. Tabitha hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua maji akaanza kuosha damu ya kondoo iliyokuwa imerukia mlango wa jiko.

Kwa miezi saba mambo yalikwenda vizuri. Hakuna mtoto aliyesogelea lile pazia, na mbuzi waliokaribia walifukuzwa na majirani wenyewe. Ryoba aliuza kidogo kidogo, mbali, asijulikane, wakanunua bati na godoro. Alikuwa analala nyumbani kila siku, na Mokami alikuwa anamsikia akikoroma chumba cha pili. Tangu amzike mumewe, hakuwahi kuwa na amani kama ile.

Lakini mmea ulihitaji panga. Mmea wa namna ile usipopogolewa kabla ya masika hujazana juu yake wenyewe, majani mabichi juu ya vijiti vikavu, na mvua ikinyesha yote hubeba maji. Agustina alikuwa amemwambia. Mokami mwenyewe alijua, maana hakuwa mjinga wa mimea. Ila angepandaje pale na panga mkononi, Waisiko akimtazama kutoka ng'ambo ya ua? Mjane anakata kwa chuma juu ya mifupa ya mumewe? Akawa anavunja kwa mikono vile vidogo vya pembeni, na vile vikubwa vikabaki. Chini nako maji ya shimoni yaliendelea kumwagwa pale pale, siku baada ya siku, kwenye udongo ulioshika nguzo, na udongo huo ndio uliokuwa mdomo wa duara. Ryoba aliwahi kusema kwamba matimba ya juu, yale magogo yanayozuia kuta za shimo, yanatoa jasho. Wakakubaliana wayabadilishe mvua zikipungua.

Hazikupungua. Katikati ya masika ilinyesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu Ryoba alishinda akitoa maji. Jumanne asubuhi jua lilitoka, akanywa uji, akashuka. Tabitha alikuwa kwenye winchi ya miti, ndani ya pazia, akivuta viroba. Mokami alikuwa kibarazani na ungo wake.

Ilikuwa kama saa nne. Alisikia mti ukilia. Akainua macho, akaona kichanja kizima, pamoja na maua yake yote, kinainama taratibu kuelekea katikati, kisha kinashuka. Kilishuka chini ya ardhi mbele ya macho yake. Tabitha alirushwa nje kwa nyuma, akaanguka kwenye matuta ya maboga. Pale palipokuwa na maua pakabaki sahani pana ya tope, na vijiti vimejitokeza huku na huku.

Tabitha hakulia. Aliinuka, akaenda kwa magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

Kwa muda wa kumeza mate, Mokami aliwaza watu. Aliwaza watu mia mbili uani, na jiko likichimbwa. Hilo wazo alikuja kulijutia siku zote zilizobaki, ingawa halikuchukua hata nusu dakika. Kisha akapiga yowe.

Yowe huku Tarime lina maana moja: wezi wa ng'ombe. Wanaume walitoka kila upande wakikimbia na mapanga, mikuki na pinde.

"Wamepita wapi?" Waitara alifika wa kwanza, anahema. "Ng'ombe wa nani?"

"Ryoba! Ryoba yuko chini! Chimbeni, tata, baba zangu, chimbeni!"

"Chini wapi?"

"Hapo!"

Waitara alitazama lile tope, akazitazama nguzo zilizolala.

"Hapo kwa mzee?"

"Hakuna mzee!" Mokami alipiga kelele. "Nyangwine yuko Serengeti! Hapo ni duara, anachimba Ryoba, nilidanganya, niliwadanganya wote! Chimbeni!"

Hakuna aliyesogea. Si kwamba walikuwa na roho mbaya, na yeyote anayesimulia kisa hiki akisema walikuwa na roho mbaya anawaonea. Wapo waliodhani uchungu umemvuruga akili. Wapo waliodhani marehemu amemmeza mjukuu wake. Ndipo Tabitha, aliyekuwa amelala kifudifudi na sikio kwenye tope, akainua mkono kuwanyamazisha. Wote wakasikia. Kutoka chini, mbali, chuma kilikuwa kinagonga jiwe. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

"Yu hai," Waitara alisema. Machozi yalimtoka hapo hapo. "Yu hai huyu kijana."

"Basi leta sururu!"

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "maneno yalisemwa. Kaburi liwepo lisiwepo, kondoo alichinjwa na maneno yalisemwa. Nina watoto tisa."

Vijana wasio na watoto walitazamana, na mmoja akainua koleo. Baba yake akamshika mkono. Mchimbaji mmoja aliyetoka Geita alisema yeye hahusiki na mila za huku, wampishe achimbe. Wakamzuia na yeye. Akiligusa, walimwambia, yeye ataondoka kesho, na laana itabaki kwenye ardhi yao. Simu ikapigwa Matongo: Mzee Kisiri hayupo, ameenda Nyamwaga kwenye kikao cha mahari, na simu yake imezimwa. Bodaboda mbili zikaondoka kumfuata, moja ya kumbeba yeye na moja ya kutafuta kondoo. Mtu mwingine alipiga simu wilayani, akaambiwa gari linakuja. Njia ilikuwa ile ile, tope kufika magotini.

Basi wakachimba kwa mikono. Hamsini walioweza kufika pale, wote walichimba. Walitumia mbao, mabeseni ya plastiki, vibuyu, vipande vya ndoo. Mtu alileta sufuria, na zikapotea dakika nzima wakibishana kama sufuria ni chuma.

"Hii ni aluminiamu, si chuma."

"Unataka kujaribu kwa mtoto wako?"

Sufuria ikawekwa kando. Waitara alichimba hadi kucha zikamtoka damu, na hakuacha. Lakini tope la duara lililobomoka si mchanga wa mtoni. Walitoa beseni moja, zikarudi mbili. Ule mmea nao ulikuwa umezama na mizizi na kamba zake, umejisokota ndani ya kifusi, na bila panga hakukuwa na njia ya kuukata. Waliukatakata kwa meno. Ndiyo, kwa meno, wanaume wazima, na mapanga yao yamelala kwenye majani hatua tano kutoka pale.

Mokami aliingia jikoni akatoka na jembe.

"Mama, usiguse!" watu walipiga kelele.

"Lianze na nani?" aliwauliza. "Niambieni, lianze na nani? Mabinti wako kwa waume zao; mtoto wa nyumba hii ni huyo mmoja, na yuko humo!"

Wakampisha, wakarudi nyuma wote kana kwamba amebeba moto. Alilima pale kama mtu anayelima shamba la njaa. Tabitha akachukua sururu ya mwanawe. Wanawake wawili, mmoja ana miaka sabini, wakachimba kwa chuma upande mmoja, na upande wa pili wanaume hamsini wakachimba kwa mbao. Saa sita walisikia kugonga. Saa saba walisikia, mara mbili badala ya tatu. Saa nane na nusu Tabitha alilaza sikio, akakaa sana, akainuka, akaendelea kuchimba.

Saa tisa na nusu bodaboda ilitokea, imepakwa tope hadi kwenye taa, na Mzee Kisiri nyuma yake. Kondoo alikuwa hajafika. Mzee alitazama watu, akatazama mabeseni, akamtazama Mokami na jembe lake. Hakusubiri kondoo. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Aliinua fimbo akayatamka maneno ya kufungua, na yalikuwa machache, mtu angeweza kuyasema akiwa anafunga kamba za viatu. Watu wakabaki wamesimama, wakingoja yaliyobaki.

"Basi," alisema. "Chimbeni."

Wakayaokota mapanga. Zikaja sururu, makoleo, majembe, yote kwa pamoja, na lile tope lililowashinda kutwa nzima likaanza kuondoka. Mmea ulikatwa vipande ukatupwa nje. Wachimbaji hodari wakaingia kwa zamu, wakaweka matimba mapya, wakashuka. Haikufika saa nzima.

Walimkuta ameketi. Gogo moja lilikuwa limeegemea ukuta likamwachia nafasi ya kutosha kuketi, si kulala. Alikuwa ameshika tindo, na juu ya kichwa chake alikuwa amechimba mwenyewe kuelekea juu, kiasi cha mkono. Hakuwa na jeraha. Waliomtoa walisema pumzi ilimwishia tu. Waitara ndiye aliyempokea mdomoni mwa duara, na alipomkumbatia kumlaza chini, aligeuka na uso ambao Mokami hakuwahi kuuona kwake.

"Bado ana joto," alisema.

Mokami aliweka kiganja kifuani mwa kijana. Kweli alikuwa na joto. Joto la mtu aliyetoka kulala. Aliacha kiganja pale akingoja, na joto likaanza kwenda, naye akalihisi linavyokwenda. Nyumba ya Nyangwine ilikuwa inafungwa chini ya mkono wake, na aliyeifunga ni yeye. Alilisema kwa sauti, ili asije mtu akalisema kwa niaba yake: "Nimemuua mimi." Wanawake wakaanza kulia. Tabitha alikuwa anamfuta mwanawe tope usoni kwa pindo la kitenge, puani, masikioni, kwa utaratibu, kama anayemwandaa kwenda shule.

Ndipo Mokami aliposikia sururu. Mwanzoni alidhani ni masikio yake. Akasikia tena, na ya pili ikaitikia, kisha koleo. Mlio ulikuwa unatoka ndani ya duara.

"Bado wanachimba?" alimuuliza Waitara. "Mle ndani kuna nani tena?"

Waitara aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake. Waliokuwa wamesimama karibu wakageuza macho. Lile jiwe jeupe lenye kutu walikuwa wameliona wote waliposhuka, na mzee alikuwa ameshafungua kwa kinywa chake.

"Waitara, nakuuliza. Kuna nani?"

Mwanaume mmoja alipita mbele yao, kiroba kitupu begani, sururu mkononi. Alipomfikia bibi alisimama, akavua kofia, akainama.

"Pole sana, mama," alisema, akashuka shimoni.